Viatu vya Masika

To. Kimya. To.

Tone la maji lilikuwa likidondoka kwenye sufuria gizani, upande wa jikoni, na Paskalia alilisikia kabla hajafumbua macho. Alilijua tundu lile la bati. Kiangazi chote hukaa kimya kama halipo, ukasahau hata kumwita fundi, mpaka mvua ya kwanza ya masika ndipo linakukumbusha. Jana jioni, alipoona wingu limeshuka mpaka mabegani mwa mlima, aliweka sufuria chini yake akijiambia ni tahadhari tu. Sasa sufuria ilikuwa inasema.

Pembeni yake Alois hakuwa amelala. Mtu aliyelala hupumua kwa kujisahau. Alois alikuwa akipumua kama mtu anayesikiliza. Wote wawili walisikiliza tone lile lile, na wote wawili walijua lina maana gani.

Leo ilikuwa arobaini ya mama yake Paskalia, huko juu Matombo. Kukipambazuka walitakiwa wapande na Landrova yao, wao wawili na binti yao Janeth, na gunia la mchele, na shada la maua ambalo Paskalia alilisuka mwenyewe. Na Landrova ilikuwa imesimama uani ikiwa na matairi ya lami.

Matairi ya masika yalikuwa humu humu ndani, nyuma ya mlango wa sebuleni, manne, moja juu ya jingine, yamefunikwa turubai. Tangu msibani hakuna aliyeyagusa, isipokuwa Janeth, ambaye aliyafanya duka lake na kuuza mchanga kwa wanasesere. Paskalia alipofagia sebule alifagia mpaka kwenye turubai, kisha akageuza ufagio.

Mtaa wao wote wa Kihonda, na kijiwe cha madereva kule Msamvu, walimjua Alois kwa matairi. Madereva wengi wanaopanda mlimani wana seti moja ya matairi na rozari. Alois alikuwa na seti mbili. Ya kwanza ilikuwa ya lami, yenye mistari myembamba, isiyo na kelele. Hiyo aliifunga kiangazi anapopeleka ndizi mpaka Mikese na mbele zaidi. Aliyajaza upepo alfajiri, jua halijachoma barabara, kwa sababu tairi la moto, alisema, halisemi kweli kwenye kipimo. Seti ya pili ilikuwa ya kashata, yale yenye meno makubwa yaliyopangwa kama kashata zilizokatwa kwenye sinia, yanayouma tope na kulitema. Hayo aliyapunguza upepo kidogo akifika mwisho wa lami, yapanue unyayo. Penye tope yalikuwa mazuri. Penye pakavu yalinguruma kama mashine ya kusaga, ukamsikia Alois kabla hujamwona.

Siku moja Dadi, dereva mwenzake, alikuja kijiweni akijivuna na matairi ya mtumba yaliyotoka ng'ambo, meusi tii, bado mapya mapya. Alois aliyaminya kwa kidole gumba, akainama kusoma alama ubavuni, akamwambia yale yalitengenezwa kwa ajili ya nchi za theluji, mpira wake laini, lami ya huku ya mwezi wa kumi na mbili itayala kama sabuni.

"Umelinunulia gari sweta, Dadi."

Kijiwe kizima kilicheka, na Dadi hakusahau.

Lakini asili ya zile kashata haikuwa utaalamu. Ilikuwa mama mkwe.

Masika ya mwaka juzi, kabla mvua haijaanza mjini, Alois alikuwa anamrudisha Bibi Josephina nyumbani kwake Matombo. Bibi alikaa mbele na kikapu chake magotini. Alikuwa ameshuka sokoni kuuza mdalasini na pilipili manga. Mjini vumbi tupu. Walipoipita Mkuyuni wakakuta barabara imelowa, na kwenye ile kona ya juu Landrova ikateleza kama imepakwa sabuni, mpaka mkia wake ukawa unachungulia korongoni. Bibi alishuka na umri wake ule, akajifunga kanga kiunoni, akakata magome ya migomba na kuyatandika chini ya matairi huku akigomba. Gari lilipotulia alisimama mbele yake, mikono kiunoni.

"Mkwe wangu," alisema, "nyie wa mjini mnauona mgongo wa mlima tu. Uso wake umetazama huku kwetu, na huku ndiko unakolilia. Usije tena kwangu na viatu vya lami kabla masika hayajapita. Uniahidi hapa hapa, tope likisikia."

Alois aliahidi. Alipozipata zile kashata, bibi alikwenda misheni akarudi na maji ya baraka kwenye kichupa cha dawa ya kikohozi, akayanyunyizia matairi moja moja akiyaita viatu vya masika. Tangu hapo, ikiingia Februari mpaka Mei iishe, Alois hakuwahi kupanda mlima bila viatu vile. Paskalia alicheka, tena alijivuna. Alikuwa amejiandikisha masomo ya jioni, na mwalimu alipowaeleza kwamba upepo wa baharini unamwaga maji yake upande wa mashariki wa mlima na kuuachia mji makombo, alirudi nyumbani mbio kumwambia mumewe kwamba mama yake na mwalimu wamesema neno moja.

Ndiyo maana lile lililotokea lilimuuma mara mbili. Hakuwa na mjinga wa kumlaumu.

Ilikuwa asubuhi, mwezi wa pili. Mjomba Kasiani alipiga simu kutoka Matombo. Mjomba hana maneno mengi; alisema dada yake tangu usiku anapumua kwa mabega, wa zahanati wamesema ashushwe mjini leo leo, pikipiki hawezi kukaa. Amwambie mumewe aje na gari. Paskalia hakuuliza kitu. Alimbeba Janeth, akachukua kanga na shuka safi, akaingia kwenye Landrova na kufunga mlango. Akangoja mngurumo wa injini. Badala yake gari likaanza kuinuka upande mmoja. Alois alikuwa ameweka jeki.

Paskalia alishuka. Alimwambia waondoke tu. Alimwonyesha mlima: ulikuwa wazi mpaka kileleni, hakuna wingu hata la ukubwa wa leso, ungeweza kuhesabu miti.

"Huo ni mgongo," Alois alisema, bila kuinua kichwa.

Akamwambia mjomba hakutaja mvua. Alois akasema basi ampigie amuulize. Akapiga, huko juu mtandao ulikuwa umeshakwenda zake. Akapiga tena. Akamwambia basi afunge ya nyuma tu, ya mbele ayaache. Alois, jasho likimtiririka puani, akasema gari lenye viatu vya aina mbili kwenye kona kila mguu unakwenda kwao. Akimshusha mgonjwa kwenye lile korongo atawaua wote. Alikuwa anafanya haraka, huo ndio ukweli. Ila nati moja ya gurudumu la nyuma ilikuwa imeshika kutu. Aliimwagia mafuta, akaigonga, akapanda juu ya spana kwa miguu yote miwili kama mtu anayeruka kamba, na nati ikakaa vile vile. Paskalia alisimama pale na shuka mkononi, akiutazama mlima ulivyo mkavu.

Nati ilipolegea jua lilikuwa limeshapanda.

Na njia ilikuwa kavu. Kavu Kiroka, kavu Mkuyuni. Kwenye kona ile ya korongo vumbi lilinyanyuka nyuma yao, likasimama hewani kama moshi, likaanguka taratibu. Kashata zilinguruma njia nzima. Alois hakumtazama mkewe, na Paskalia hakumtazama mumewe, na Janeth katikati yao aliimba wimbo wa chekechea mpaka mwenyewe akanyamaza.

Mjomba Kasiani alikuwa amesimama uani, kofia mkononi.

"Shikamoo, mjomba," Paskalia alisema. Mdomo ulisema wenyewe, kwa mazoea.

Mjomba hakuitikia. Hapo ndipo alipojua.

Bibi Josephina alikuwa bado na joto. Wanawake walikuwa hawajamaliza hata kumnyoosha. Paskalia alimshika mguu, mguu ule mgumu wa kupanda na kushuka mlima, akaukumbatia kifuani, na hakuna aliyethubutu kumwambia auache.

Jioni ile mjomba alikuja akakaa kando yake. Alimwambia kwamba mama yake alikuwa anauliza uliza gari limefika wapi. Na mwishoni kabisa, mngurumo uliposikika chini bondeni, alifumbua macho akasema hao wanakuja, wamevaa viatu vya masika, kisha hakusema tena. Paskalia alisikiliza. Wajomba wanajua kutafuta maneno ya kumfuta mtu machozi, hiyo ni kazi yao. Hakujua aamini au asiamini, na mpaka leo alikuwa hajajua.

Tena ukaja utani.

Msiba wa Waluguru hauzikwi bila watani wa ukoo, na mtani akija lazima achokoze, na aliyechokozwa lazima acheke, kwa sababu huo nao ni mkono wa pole. Mtani wao alikuwa Zuhura, mama wa makamo kutoka kijiji cha chini, mwanamke anayeweza kumchekesha hata mchimba kaburi. Alikuwa ameshalala mlangoni akazuia jeneza lisitoke mpaka apewe kuku. Walipokuwa wanakula baada ya maziko, akaushika ungo, akaupiga chini uani, akachuchumaa mbele yake na kuanza kuuzungusha mwiko kama spana. Anafuta jasho. Anautazama mlima. Anarudi kuzungusha.

"Mama mkwe, usife kwanza," alisema kwa sauti ya Alois, "bado nati moja."

Watu walicheka. Walicheka kama inavyotakiwa, machozi yakiwatoka. Alois pia alicheka, au alikunja uso kwa namna ya kucheka, kwa sababu mtani hakasirikiwi. Paskalia ndiye aliyesimama. Hakumtazama Zuhura. Alimtazama mumewe, mbele ya wajomba, mbele ya katekista, mbele ya masufuria.

"Ile saa uliyoimalizia kwenye nati," alisema, "ndiyo ilikuwa saa ya mama yangu."

Zuhura aliuweka ungo chini polepole, kama umemchoma. Alois angeweza kusema habari ya ile ahadi, watu wote pale waliijua, mwenye kuahidiwa alikuwa amelala chini ya udongo mbichi hatua chache tu kutoka hapo. Alikwenda akakaa kwenye ngazi ya Landrova mpaka giza likaingia.

Waliporudi Kihonda alizifungua kashata zote siku hiyo hiyo, akaziingiza ndani na kuzifunika. Hakupanda mlima tena. Alichukua mizigo ya barabara kubwa, ya lami, ambayo mtu yeyote angeweza kuipeleka. Dadi akapata pa kulipiza. Kila Alois alipoegesha Msamvu alimwuliza kwa sauti ya kusikika kijiwe kizima, mzee wa kashata, vipi, mwaka huu tope limekuogopa? Alois alikuwa akiinua mkono tu na kupita. Wakamwonea huruma, wakaacha, hata Dadi mwenyewe akaacha, na hilo likawa baya zaidi.

Nyumbani walizungumza. Walizungumza habari za chumvi, za maji ya bomba, za viatu vya shule vya Janeth. Alimwekea chakula, naye alishukuru. Usiku alipogeuka alimkuta amejibana ukutani, amemwachia kitanda chote kama mgeni. Mara nyingi Paskalia alitamani kuunyoosha mkono. Lakini aliona kwamba akiunyoosha atakuwa amesema Alois alikuwa na haki ya kubadilisha matairi siku ile. Na kama alikuwa na haki, basi kwa nini mama yake alikufa na njia ilikuwa kavu? Hapo akili yake iligota kila siku, ikarudi, ikagota tena.

To. Kimya. To.

Alois aliinuka. Alivaa gizani, akatoka. Paskalia alisikia mlango wa gari, kisha injini ikikohoa na kushika. Alimwamsha Janeth, akamvalisha gauni jeupe lililopigwa pasi tangu jana, akamchana nywele kwa mwanga wa simu. Kulipoanza kupambazuka alifungua mlango wa uani.

Mvua haikuwa kubwa. Ilikuwa ile ya kunyesha bila haraka, inayojua ina miezi mbele yake. Mlima haukuwepo. Mahali pake palikuwa na ukuta wa kijivu kuanzia mabatini mwa majirani mpaka mbinguni. Mgongo unalia, uso je? Alois alikuwa anapakia gunia la mchele, amelifunika nailoni. Matairi yale membamba yalikuwa yanameta maji, na mistari yake ilikuwa imeshaanza kujaa udongo wa uani tu, udongo wa hapa hapa, kabla hata ya kuiona Kiroka.

"Alois. Mvua hiyo."

"Naiona."

"Na tairi?"

Alikaza kamba ya nailoni, akaifunga fundo, akalifungua, akalifunga upya.

"Tutakwenda hivi hivi," alisema. "Misa ni saa nne. Sikucheleweshi tena mimi kwa mama yako."

Alisema kwa upole. Kama angefoka ingekuwa rahisi. Paskalia alimtazama usoni, kwa mara ya kwanza labda tangu ile siku, akaona jinsi mashavu yalivyoingia ndani. Akaona kwamba mtu huyu atapanda kweli, ataipita ile kona na mtoto wake kifuani mwa gari, kwa sababu yeye Paskalia alisema neno moja mbele ya watu. Hakuwa anamkomoa. Alikuwa anamlipa. Na alikuwa anamlipa kwa kitu pekee alichokuwa anakijua vizuri duniani.

Alitaka kusema funga kashata. Maneno mawili. Yalifika kooni yakakaa, kama ile nati. Kwa maana kuyasema leo ni kumwambia kwamba na siku ile alifanya sawa, kwamba mtu anaweza kufanya sawa na mama yako akafa vile vile. Hilo alikuwa hajaweza kulimeza. Lakini hata kunyamaza hakuweza. Alirudi ndani, akaivuta turubai, vumbi la Matombo likamwangukia miguuni. Lilikuwa bado limo katikati ya yale meno, kavu, jekundu. Alilikumbatia tairi la juu, akaliangusha chini kwa kishindo, akalisimamisha na kuanza kulivingirisha. Lilikuwa zito kuliko alivyodhani. Kizingitini lilimshinda, likalala uani kwenye maji, na yeye akaanguka nalo, magoti kwenye tope, gauni jeusi la arobaini likalowa.

Alois alikuwa ameshafika. Alimshika bega. Huo ndio mkono aliokuwa hajaupata siku zote zile, na ulikuwa wa baridi, umelowa mvua, na alipouhisi tu akaanza kulia, si kilio cha msibani cha kupiga kelele, kile kingine kinachotoka chini na hakina sauti.

"Acha, mama Janeth," Alois alisema. "Ni kazi ndefu. Watu wanatungoja."

"Naogopa ile kona," Paskalia alisema.

Alois alibaki ameinama, mkono mmoja begani kwake, mwingine juu ya tairi. Macho yake yalikwenda kwenye jeki iliyokuwa chini ya kiti, yakaenda barabarani, yakarudi. Alikuwa anapiga hesabu ya muda, kama siku ile. Akatikisa kichwa, akaanza kulinyanyua tairi ili alirudishe ndani.

Janeth alikuwa amesimama mlangoni na gauni lake jeupe, shada la bibi mikononi, akiwatazama wazazi wake waliopiga magoti mvuani. Aliutazama ule ukuta wa kijivu mahali mlima unapokaaga. Kisha akamwangalia baba yake, akasema kwa sauti, kama mtu anayemkumbusha mwenzake kitu alichokisahau:

"Badilisha tu, baba, bibi hatungoji tena."